Nzi Kwenye Maziwa

Usiku wa kumi na saba, nimerudi tena kwenye A.
Mvua ya Tukuyu inagonga bati kama mwenye nyumba anayedai kodi.
Nimechana mfuko wa saruji, nimeukung'uta, nimeulaza mezani
upande wake wa ndani, ule usio na maneno,
nikaitanua A miguu mpaka ikawa mwanamke
anayevuka tope la stendi,
na kile kijiti cha katikati ni pindo la kanga aliloliinua.

Shuleni Mwalimu Mwaisumo alitupigia mistari kwa rula.
Herufi iliyoruka mstari ililipiwa na kiganja changu.
"Andika, Ambilikile. Usichore."
Nikaandika, miaka saba, bila kuchora.

Sasa B imeshiba ndizi, matumbo mawili, haiwezi kuinama.
R inapiga teke.
S imejikunja kama paka juu ya gunia la kahawa
na sina moyo wa kuiamsha.
Ila O!
O yangu ya kwanza ilikuwa kiazi.
Ya arobaini, kiazi bado,
ingawa cha Uporoto, kilichooshwa.
Ya sabini, sijui ilivyotokea, ilinitazama.
Jicho likadai nyusi, nyusi zikadai paji,
na kabla koroboi haijaisha mafuta
shangazi Tusajigwe alikuwa kwenye karatasi, amenuna vilevile.
Mimi sijui kuchora uso.
O ndiyo iliyojua.

Jumanne Mama Subilaga akaniletea ubao wa bluu:
MAZIWA YA NG'OMBE, basi, asitake makuu.
M nikaipa mabega ya Rungwe na ukungu katikati.
Z nikaikata kona kama barabara ya Kiwira.
W ikaning'inia, kiwele kilichojaa alfajiri.
Kisha N, kisha G iliyogeuza shingo,
na juu yao kile kialama
kinachomfanya ng'ombe apitie puani:
nikakidondosha kwa rangi nyeusi, nono, inayong'aa.

Akaja. Akasimama. Akavua miwani akaivaa tena.
"Huyu nzi kwenye maziwa yangu kamweka nani?"
"Si nzi, mama. Ni ritifaa."
"Mteja atasoma ritifaa wapi? Mteja ataona nzi."

Kitambaa, mafuta ya taa, kufuta taratibu.
Kisha brashi ndogo kuliko zote, rangi nyeupe,
mkia juu, tumbo chini,
tone linalotaka kuanguka na halianguki.
Mama Subilaga hakusema kitu.
Alilipa nusu, nusu nyingine akanipimia maziwa.

Usiku huo sikugusa A.
Nilijaza mfuko mzima wa saruji ritifaa tupu:
nzi, kiluwiluwi, chozi, mbegu ya papai,
mvua yenyewe ikishuka kwa kuinama,
na moja, pembeni kabisa, ambayo sijaijua ni nini.
Nimeiacha ikauke.