Herufi Mbili

Bi Masuda haoni tena maandishi madogo,
kwa hiyo macho ni yangu, akili ni yake.
Manama, ghorofa ya tatu, nyuma ya soko la dhahabu.
Kiyoyozi kinakoroma. Dawa ya saa kumi nimeshampa.
"Doto," anasema, "shika sindano. Usisome. Hesabu.
Vidoti viache, hivyo ni vya wavivu."

Sijui hata herufi moja ya kwao.
Naona njiti za kiberiti zimemwagika,
na chini yake ufuta.
Penye uzi mwekundu, Tamari anajifungua:
neno la pacha, herufi sita.
Ananirudisha nyuma, penye uzi wa bluu, kwa Rebeka.
Neno lile lile. Nahesabu.
Nne.
Narudia, labda ncha ya sindano imeruka.
Nne.

"Mwandishi hakusinzia," anasema.
Baba yake alimfundisha jikoni, wakikata bamia:
wafafanuzi wa kale hawakuipita herufi,
kama maskini asivyoipita sarafu barabarani.
Wana wa Tamari, walisema, wote wema: neno likajaa.
Wa Rebeka, mwema mmoja, mwovu mmoja:
neno likazaliwa njiti.
Na ajabu, Rebeka ndiye siku zake zilitimia;
wale wengine, wasema, walikuja mwezi wa saba.

Analitamka la kwanza: *teomim*.
Analitamka la pili: *tomim*,
kama mtu aliyemeza kitu katikati ya salamu.

Kumeza huko nakujua.
Kule Korogwe, mama akiulizwa ana watoto wangapi,
koo lake hushuka, hupanda, kisha husema:
mmoja, yuko Bahareni.
Kulwa kafungwa miaka mitano
kwa pikipiki isiyo yake.
Tulilala tumbo moja, tukagombea titi moja,
hata surua tuliugua wiki moja.
Hatujaota meno, shangazi alishasema:
mmoja wa hawa atatutia aibu.
Akatutazama kwa zamu.
Sijui kwa nini jicho lake lilitua kwake.

Nikauliza: "Bi Masuda, hizo mbili zilizopungua,
zilikuwa za nani? Kama ni za mwovu,
mbona neno ni la wote wawili?
Mwema naye hakusomwa nusu?"

Alinyamaza hata nikadhani amelala.
Akapapasa ukurasa kwa kiganja,
kama mtu anayepima homa ya mtoto.
"Baba hakunifikisha hapo," akasema.
"Bamia ziliisha."

Sindano nikaichomeka kwenye kibonge cha uzi.
Usiku nikamtumia mama hela ya mwezi,
na kidogo juu yake, ya sabuni na nauli ya kwenda gerezani.
Kwenye nafasi ya ujumbe, ambapo huwa siandiki kitu,
niliandika: mapacha.
Herufi saba.
Nilizihesabu kwa kucha
kabla ya kubonyeza.