Uwanja wa Ndege

Mama hupima bamvua kwa goti la kushoto.
Likianza kuwanga saa tisa usiku, anajua
maji yatapwa hadi kwenye boya lililozama
na sululu watakuwa wameshatua.

Wanatoka Australia, usiku juu ya usiku.
Njiani wamekula mafuta yao, kisha nyama yao,
wakifika hapa mlangoni mwa mto
ni mifupa iliyovishwa manyoya.
Mama huwaambia: karibuni, tope limeiva.

Mdomo umepinda kama shazia.
Unazama wote, unasita, unasikiliza kwa ncha,
unatoka na kaa anayerusha miguu.
Hatua mia kando, mama na reki yake
huinama vilevile. Kwa mbali,
ukungu ukiwepo,
sijui yupi kati yao alinizaa.

Mimi niliendesha lori.
Niseme mapema, kabla hamjanipenda.
Miaka mitatu, ukuta ule wa kaskazini,
tani kumi na tano za mawe kila safari,
na siku tulipoziba pengo la mwisho
tulipigiwa makofi, tukapewa taulo zenye nembo.

Masika ya pili ndege walirudi.
Walizunguka, wakazunguka,
wakashuka kwenye chumvi kavu
wakachoma midomo katika ardhi iliyogoma.
Chaza walikuwa wamefunua vinywa
wakingoja maji yajae.
Yangejaa kutoka wapi?

Kwa fidia, mama alinunua jokofu.
Ndani akaweka ndoo moja ya chaza, wale wa mwisho.
Hatukuwala. Mwaka wa kumi sasa;
umeme ukikatika, mama hukimbia na blanketi.

Na leo karatasi nyingine, ya mto huu.
Mwenyekiti Bok Mansu ameileta kwa mikono miwili,
na wino mwekundu, na tabasamu la kukodi.
"Geumrye, wewe gonga muhuri tu.
Serikali inatujengea uwanja wa ndege."

Mama alikuwa anaosha buti.
"Uwanja wa ndege?" Akanyoosha kidole chenye matope.
"Na ule pale ni nini?
Wanatua, wanaruka, hakuna aliyegongana na mwenzake,
tena hauna deni."

Mansu akacheka kidogo, akakohoa, akataja kiasi.
Kilikuwa kikubwa. Nilikisikia tumboni.

"Muhuri wangu ulizama topeni," mama akasema,
"bamvua ya juzi. Kautafute, Mansu. Vua viatu."
Mansu akavitazama viatu vyake,
akavitazama kwa muda mrefu.

Muhuri uko ndani ya mtungi wa mchele.
Najua, nimeuona asubuhi nikipima kibaba.
Sikusema neno. Nilichukua darubini,
nikaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikahesabu:
mia nne na kumi, na kumi na moja, na kumi na mbili,
mwewe akapita, wote wakaruka,
anga ikachanganyika.

Nikaanza upya.
Mmoja. Wawili.