Mashine ya Kukaushia Uyoga

Helvi aliileta katika boksi la buti,
imeviringishwa taulo, kama kitoto cha paka.
"Ilikuwa saunani," akasema. "Chumba cha kubadilishia nguo.
Miaka thelathini na minane."
Nikanyamaza.
Kanda ya sumaku kwenye mvuke
ni chumvi iliyofichwa mtoni.

Gundi ilikuwa imetoa jasho.
Niliigusa, ikanishika kidole,
ikaacha doa la rangi ya kutu,
na ndani ya doa lile, nilijua,
kulikuwa na chembe ya sekunde ya Tapani
ambayo hakuna sikio litakaloipata tena.
Nilichelewa kunawa mikono.

Dawa ya moto ni moto:
iliyougua kwa mvuke itapona kwa joto kavu.
Nikaazima kwa jirani mashine ya kukaushia uyoga,
nyuzi hamsini na nne, muda wa saa nane,
nikakaa nayo kama mtu anayeuguza.
Nje Oulu ilikuwa giza tangu saa tisa mchana.
Plau ya theluji ilipita, ikarudi, ikapita.

Ikishaiva, una mwezi mmoja.
Kisha inaanza kulia tena.

Kajaani, mwezi wa tatu, mwaka themanini na moja.
Ukumbi wa magongo, mbao zimetandikwa juu ya barafu.
Kwanza mvumo wa umeme, kisha viatu,
viatu vingi,
halafu yeye, karibu mno na maikrofoni:
"Miguu yenu imeshaganda?"
Nikageuka kutazama mlango.

Siku kumi na moja nimepalilia.
Mvumo ule umekaa pale pale
anapokaa Olavi kwenye uzi mnene wa besi;
ukiung'oa wote, wimbo unapoteza sakafu.
Nikaung'oa nusu.
Nyingine nimeiacha ivume. Ilikuwepo, ililipa kiingilio.

Kati ya wimbo wa tatu na wa nne anakohoa.
Si kikohozi cha koo. Kinatoka chini,
kama kabati linaloburutwa ghorofani.
Kettunen wa kampuni ameandika mstari mmoja:
"Kikohozi kitoke."
Kikatoka. Kazi ya dakika mbili.
Nikasikiliza: kimya safi,
kisha watu elfu moja wanaangua kicheko
bila sababu yoyote duniani.
Maana baada ya kukohoa alikuwa amesema,
"Huyo ndiye mpiga ngoma wetu mpya,"
na mzaha, ukiutoa kikohozi,
ni mlango uliosimama peke yake uwanjani.
Nikakirudisha.
Miezi sita baadaye walimzika. Kettunen hakujibu.

Wimbo wa mwisho hauna mwisho.
Kanda iliisha beti la pili.
Kwa lugha yetu kurudi nyumbani ni *kotiin*;
yeye alifika *ko*,
kisha mkia wa kanda: chap, chap, chap,
kwenye mashine ya mtu aliyekuwa ametoka kuvuta sigara.
Kuna kanda ya Turku, wimbo mzima, ufunguo ule ule.
Nilijaribu kuunga, sitadanganya.
Mshono haukusikika.
Ndiyo sababu nikaufumua.

Helvi alikuja Alhamisi, hakuvua koti.
Hedifoni zilimmeza masikio na nusu ya mashavu.
Nyimbo zote alizisikiliza kama mtu anayesubiri namba yake benki.
Pale kwenye *ko* hakushtuka.
Kisha akauliza kama naweza kurudisha nyuma,
si wimbo, alisema, pale katikati,
pale anapokohoa.
Nikarudisha.
"Alituambia ni baridi ya ukumbi tu."
Akaomba tena.
Mara ya nne nilimwonyesha kitufe, nikaenda kuchemsha kahawa.

Leo jirani ametaka mashine yake.
Nimesugua trei kwa sabuni, kwa siki, kwa kucha.
Rangi ya kutu imebaki pembeni, ukanda mwembamba.
Nimemwambia asiikaushie uyoga trei ile.
Ameuliza kuna nini.
Nimesema kidogo tu. Mtu mmoja.