Lita Themanini

Muatasim kaja na boksi, Alhamisi baada ya alasiri,
joto la Mabela bado limekaa juu ya mabati
kama mgeni asiyejua kuaga.
Riyali ishirini na saba na nusu kalipa.
Juu ya boksi, picha ya gari linatema moto.
Ndani, kwenye sponji jeusi, feni
ya ukubwa wa kopo la maziwa ya unga,
waya mbili,
na stika ya kubandika nyuma ili watu wajue.

"Ami Sleyum, hii inasukuma hewa.
Injini inakula hewa, sivyo?
Ikila zaidi, si itakimbia zaidi?"

Ndivyo. Hapo hakukosea kitu.
Muuzaji hukukamatia hapo hapo,
kwenye neno la kweli.

Nikaandika kwa chaki sakafuni, kando ya mafuta:
injini ya lita moja na pointi sita,
mizunguko elfu sita kwa dakika,
inavuta lita themanini kila sekunde.
Magaloni manne, yale makubwa ya ofisini,
ukifumba jicho yamekwisha.
Feni yako tamu ukiiweka usoni.
Kwenye koo lile, ni mtu kasimama mlangoni mwa msikiti
Ijumaa watu wanatoka,
ana upepeo mkononi, anasema anawasaidia kupita.

Za kweli zipo, sikumficha.
Za volti arubaini na nane, hufungwa kiwandani
na betri yake, na waya mnene kama kidole gumba.
Kwa umeme wa Lansa hii ungetaka amperi mia nne.
Dinamo ina themanini,
humo humo taa, humo humo AC.
Na dinamo nani anaizungusha? Injini ile ile.
Unajikopesha riyali kumi
halafu unajitoza riba.

Hakubishana. Kashika usukani tu,
kiti bado kimerudi nyuma
kwa miguu mirefu ya marehemu babake.

Basi Biju akaifunga, maana kijana haamini chaki,
tukaenda akaba ya Amerat, tukapandisha kutoka Bausher,
Biju nyuma na saa ya simu,
kutoka kibao cha kwanza mpaka kilele.
Bila feni, sekunde tisini na nne.
Na feni, tisini na tano.
"Bure kabisa," kasema Biju,
Kiswahili chake chote kakiokota gerejini kwangu.
Mara ya tatu nikazima AC.
Themanini na tisa.
Madirisha wazi, jasho linatuingia machoni,
Muatasim kacheka, kisha akanyamaza.

Mimi simcheki.
Mwaka wa tisini na sita, Ruwi, nilinunua sumaku
ya kufunga kwenye mpira wa petroli.
Miezi mitatu naapa gari linakunywa kidogo,
mke wangu Raya anaziona risiti,
hasemi.

Tuliporudi nikafungua chujio la hewa, nililotakiwa
kulifungua kwanza, fundi mzima mimi.
Ukamwagika mchanga, nusu kikombe cha kahawa,
mwekundu, wa Bidiya.
Hakuna aliyekwenda Bidiya na gari hili
ila mwenyewe, ile safari ya mwisho.
Chujio jipya riyali mbili na baisa mia tano.
Mchanga ule Muatasim kauzoa kwa karatasi,
kautia kwenye boksi la feni, juu ya sponji,
kafunga mfuniko.
Mimi na Biju tukaanza kutafuta spana
ambayo haikupotea.

Jana usiku, ufukweni Sib,
kanyoosha waya mbili kutoka kwenye betri,
feni kaielekeza chini ya jiko.
Makaa yakawaka dakika mbili, mekundu mpaka ndani,
cheche zinaruka hadi kwa majirani.
"Ishirini na saba na nusu, Ami," kasema.
Nikamwambia ageuze mishkaki,
upande ule unaungua.