Gurudumu la Pua

Ngowa alikuja na usukani ndani ya mfuko wa unga,
wa mtumba, waya wake umefungwa utepe mara tatu.
Akauegemeza mkongojo kwenye kaunta, kati ya simu zilizokufa,
akasema: Nyevu, nataka ndege itembee.
Si kuruka. Kuruka kila mtu anaruka.
Itembee.

Miaka kumi na tisa alipakia mizigo uwanja wa Malindi,
akitoka nyumbani Majivuni kungali giza,
akizisukuma ndege ndogo kwa viganja
mpaka zielekeze pua barabara ya kurukia.
Kisha sukari ikaja. Ilianza na kidole,
ikapanda kama mpangaji asiyelipa,
ikachukua mguu wa kushoto hadi goti.

Tukawasha kompyuta. Mchezo ukauliza:
pedali ziko wapi?
Ngowa akacheka hadi fundi saa wa jirani akachungulia.
Uambie, alisema, ninayo moja.

Nikafuta mhimili wa pedali.
Kazi ya mguu nikaupa mkono:
pinda kifundo kulia, gurudumu la pua lifuate kulia.
Likaenda kushoto,
kama mbuzi anayevutwa kutoka kwenye majani.
Nikatafuta kile kisanduku cha kugeuza, nikatia tiki.
Sasa likatii. Likatii kupita kiasi:
mguso tu, na ndege ikazunguka kama pia.
Imelewa hii, akasema.

Nikapunguza ukali. Nikauchora mkunjo,
katikati mlegevu, pembeni mkali,
na pale kati kabisa nikatenga upana wa ukucha
ambapo mkono unaweza kutetemeka
ndege isijue.

Hapo akanyamaza.
Hicho kipande, akasema baadaye,
hospitali hawakunipa.

Breki tukaiweka kwenye kidole cha shahada.

Bado ilivuta kushoto. Kila nikiongeza moto, kushoto.
Nikakagua mkunjo. Nikasugua kichwa cha waya kwa spiriti.
Nikaanza kumlaani aliyeuza ule usukani,
Ngowa akanisogeza kwa kiwiko.
Haina kosa, mama. Propela ndiyo inaivuta.
Hata zile za kweli ni hivyo hivyo,
nimeona marubani wakishindana nazo
paja la kulia limekaza suruali.
Akaangalia pale suruali yake ilipokunjwa, ikapigwa pini.
Inachechemea, basi. Upande wangu.
Akainamisha kifundo kulia, kidogo,
kama mtu anayemshika mwenzake mkono penye ngazi.

Ikatembea.

Waliouchora uwanja ule hawajawahi kufika.
Mnara wameusogeza, msikiti wameusahau,
na pale palipokuwa kibanda cha mizigo,
chenye mizani iliyodanganya kilo mbili
na kiti cha Jefwa kisicho na mgongo,
wamepanda nyasi.
Njia ya mkato ilipita juu ya zile nyasi.
Nikamwambia, pita, hamna kitu.
Hakupita.
Alikizunguka kile kibanda kisichokuwepo
polepole, kwa adabu,
akiacha nafasi ya bawa na nusu
asije akamgonga mtu aliyeinama.

Kisha mstari wa kusubiri. Akasimama juu yake,
gurudumu la pua limenyooka kama uzi wa mwashi.
Ndio wakati ndege ya jioni kutoka Nairobi
ilipopita juu ya paa letu, mabati yakaimba,
simu zikahama milimita moja kwenye kaunta.
Mkono wake ulitetemeka. Niliuona.
Kwenye kioo, hakuna kilichosogea.

Hutaruka? nikauliza.
Ngapi? akajibu, akitafuta pochi.

Mchezo ulitaka jina la kuhifadhia mipangilio.
Nikaandika: Ngowa, mkono.
Kesho yake, kabla sijamaliza kufagia,
alikuwa mlangoni na ule mfuko wa unga,
analalamikia breki.