Saa Tano ya Nani

Nyumba yetu Mabatini ina vyumba saba na luku moja,
na sheria moja, wino mwekundu, ubavuni mwa mita:
"Chaja ya bajaji kuanzia saa tano usiku, bei nusu.
Kabla ya hapo bei kamili. Ugomvi hautakiwi."
Mwandiko wa Lugwisha, mwenye nyumba,
anayeivuta mikia ya herufi kama anayemvuta mtu sikio.

Simlaumu. Jioni umeme wetu ni sahani moja, wageni kumi:
Nyabise anapiga pasi sare za shule za mtaa mzima,
fundi Tungaraza anamalizia geti la mtu,
majokofu mawili yananguruma, barafu ya wachuuzi wa sangara,
na taa ya ukumbini inaiva kama papai.
Ukichomeka chaja saa hiyo
papai linaoza.

Kwa hiyo nilikuwa naamka.
Simu inalia chini ya mto, natoka na kanga, waya begani,
napita juu ya ndoo, chini ya kamba ya nguo,
hadi bajaji ilipoegemea jiwe
(mlimani huku kila nyumba ina jiwe lake;
letu ni kubwa kama basi, na halilipi kodi).
Plagi inaingia. Taa nyekundu inafumbua jicho.
Narudi kulala, usingizi umeshahama.

Miezi minne hivyo.
Kisha nikanunua taima Makoroboi,
kidude cheupe cha kuchomeka ukutani.
"Weka saa," muuzaji akasema, "ulale kama tajiri."
Nikaweka tano, nukta mbili, sifuri, sifuri.
Nikalala kama tajiri.

Ngoja nieleze vizuri, maana nimechekwa vya kutosha.
Saa yangu huanza kuhesabu jua likishachomoza:
moja, watu wanapiga mswaki; mbili, watoto wako darasani.
Saa ya kidude huanza kuhesabu gizani, saa sita ya usiku,
hakuna hata jogoo wa kutoa ushahidi.
Tano yake ni kumi na moja yangu.
Sote wawili tulisema kweli
na betri ikalala njaa.

Saa kumi na mbili nawasha: asilimia kumi na tisa.
Abiria wa kwanza ni Kalekwa, anauza uji mlango wa Bugando,
chupa tatu za chai, ndoo, na mwili wa mtu aliyeshiba.
Bugando ni kilima. Sina la kuongeza.
Katikati ya mteremko bajaji ikashusha pumzi, ikanyamaza.
Akashuka bila kusonya, akaweka bega.
"Ina nini?"
"Ina njaa."
"Hukuilisha?"
"Niliilisha kwa saa isiyo yetu."
Akacheka hadi tukaacha kusukuma,
nusura turudi sote hadi bondeni.
Nilipomrudishia nauli akachukua nusu.
"Nusu ya njia umenifikisha," akasema, akajitwika ndoo.

Nikashuka peke yangu, breki kidogo kidogo,
ziwa likitokea kati ya mabati, jeupe, halijanawa uso,
na betri ikiokota asilimia moja barabarani
kama mtoto anayeokota sarafu.

Usiku ule niliweka ishirini na tatu.
Ishirini na tatu! Nani ana saa ishirini na tatu?
Nikaamka hivyo hivyo, nikasimama na kanga yangu
gizani mbele ya ukuta, kama anayemsubiri mtu wa kumfumania.

Ta.

Jicho jekundu likafunguka.
Na hapo nikaona tochi, na nyuma ya tochi Lugwisha,
singlendi na msuli, amesimama kando ya mita yake.
"Imeanza?"
"Imeanza."
Akatazama saa ya mkononi, akaguna,
akaenda kulala.

Simu bado nimeiacha ilie saa tano.
Sijui kwa nini. Naizima, nageukia upande wa pili,
nasikiliza.

Ta.