Somo

Saa nane usiku, Gyumri. Theluji imepanda hadi kizingiti
na kosa ni lilelile, jekundu, la mstari mmoja:
moduli haikupatikana.

Haikupatikanaje? Nimeisakinisha mara nne.
Nimeiona ikishuka asilimia kwa asilimia
hadi mia, chai ikipoa.

Lugha ninayoandikia ina jina la chatu,
na kwenye kompyuta hii chatu walikuwa wawili,
mkongwe kajikunja chini ya mdogo.
Nilikuwa namlisha huyu, namdai yule.

Nikamwondoa mkongwe. Zikaanza maktaba zenyewe:
hii yataka toleo la zamani la ile,
ile imeshakua, haikubali kurudishwa utotoni.
Hazipikiki chungu kimoja.
Nikazijengea mazingira mapya, matupu,
nikaziingiza moja moja, kama mawifi wenye visa.

Ndipo likaja kosa la tatu, la upole:
sismo ipo, lakini haina sikiliza.

Maktaba ya kusikilizia ardhi, haijui kusikiliza!
Nikaiuliza mashine: huyo sismo unayemwita, anakaa wapi?
Ikanijibu kwa anwani ndefu, mkwaju kwa mkwaju,
na mwisho wake ni folda yangu,
faili langu la Jumatatu, mistari mitatu ya majaribio,
nililolibatiza sismo kwa uvivu wa kufikiri jina.
Mashine huanza kutafuta nyumbani kabla ya kutoka nje.
Ilimwita mkubwa; akaitika somo wake, mtupu, wa karibu.

Nami ni somo.
Mjomba Garegin alikuwa na miaka kumi na mmoja,
dawati la tatu kutoka dirishani,
asubuhi ile ya Desemba ardhi ilipoifunga shule kama daftari.
Bibi Haykanush aliponipa jina hakunipa maelezo.
Miaka thelathini anaita kutoka jikoni, nami naitika naam,
na kila mara hunitazama mlangoni sekunde moja zaidi
kabla hajanipa sahani.

Nimelibadili faili jina. Nimefuta na kivuli chake,
nakala ile inayobaki hata mwenyewe akiondoka.
Programu imeamka, haikusema kitu.
Kihisi cha kilimani kikaanza kuandika: mstari wa kijani,
lori la chumvi barabarani, kisha mstari.

Chumba cha pili, usingizini, Bibi akaita:
Garegin.

Sikuitika. Nililiacha jina lipite, liende linakokwenda.
Kisha akakohoa, akataka maji,
na hapo nikainuka.